Nahodha wa Kiwanja Namba 118

Asubuhi ile ya Jumamosi ukumbi wa shule ya msingi ulijaa pomoni. Waliochelewa walikalia madawati ya darasa la kwanza, magoti yamewafika kidevuni, na wala hawakulalamika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekuja kusikia mahali alipopachagua pakisomwa mbele ya watu. Basi jipya lilikuwa linakuja mtaani. Lipite njia ipi na lisimame wapi, hilo ndilo Afisa Mipango alilokuja kulitangaza, na alikuja na ramani iliyokunjwa, boksi la fomu, na chupa ya maji ambayo hakupata nafasi ya kuifungua.

Safu ya tatu, kati ya bibi yake na nguzo, alikaa binti wa miaka kumi na sita aitwaye Wakili. Uwakili wake haukuwa wa mahakamani. Alipewa jina hilo bwenini, baada ya kumtetea panya aliyekutwa ndani ya kabati la mwalimu wa zamu, utetezi uliochukua dakika arobaini na kuisha kwa panya kuachiwa huru na mtetezi kufagia uwanja wiki mbili. Sasa alikuwa nyumbani kwa likizo. Jumatatu angerudi shule, na hapo ndipo penye shida yote.

Shida yenyewe ilikuwa Bibi. Mara tatu kwa wiki Bibi alitakiwa hospitalini kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimestaafu kabla yake. Basi la karibu lilipita barabara kuu, ng'ambo ya kijito. Kulifikia, Bibi alivuka daraja la miguu, akapanda ngazi tisini na nne za zege, akapumzika kwenye geti la mwanawe, yaani Mjomba wa Wakili, ndipo akamalizia nusu ya pili ya safari. Mjomba mwenyewe saa hizo alikuwa kazini, maktaba. Likizo nzima Wakili ndiye aliyemshika Bibi mkono. Kabla ya likizo Bibi alikuwa ameikosa mashine mara mbili, ngazi zikiwa zimemshinda, na muuguzi alimwambia, kwa ile sauti laini wanayoambiwa watu mambo mazito, kwamba asiitafute mara ya tatu.

Ikiwa basi jipya lingesimama njia panda, nyumba nane tu kutoka mlangoni kwa Bibi, angekwenda mwenyewe na mkoba wake na fimbo yake. Lisiposimama, basi baada ya Jumatatu hakuna aliyejua.

Wiki tatu nyuma, ofisi ya mipango ilikuwa imeleta fomu za maoni na kuziacha kwa kinyozi. Hazikuwa na nafasi ya jina, ili mtu aseme bila woga. Ziliuliza kazi ya mwandishi, miaka aliyoishi mtaani, mahali anapotaka kituo, na sababu. Kila fomu ilikuwa na namba iliyochapwa na karatasi mbili zenye kaboni katikati: ya juu ukaitia kwenye boksi, ya chini ukabaki nayo.

Wakili alichukua moja ya Bibi. Kwa mkono uleule, kinyozi akiwa ameinamia kisogo cha mteja, alichukua nyingine saba.

Ya Bibi aliiandika kwa uaminifu wote, neno kwa neno. Bibi alisema kituo kiwe Penye Saa. Wakili alimkumbusha kwamba hapakuwa na saa. Bibi akamwambia aandike alivyoambiwa, kila mtu anapajua Penye Saa, hata mbuzi wanapajua.

Zile saba alikwenda nazo uani, akaziandika chini ya kamba ya nguo, akicheka peke yake mpaka Bibi akauliza kama ana homa. Shabaha ilikuwa Mjomba. Mjomba alipenda ukimya kama wengine wanavyopenda chakula. Kwenye geti lake alikuwa ametundika bango lisemalo: USIPIGE HONI. USIGONGE. USISIMAME. Siku ya pili ya likizo Wakili aligonga, akiwa amesimama, na aliadhibiwa kuandika barua ya kuomba radhi kurasa nne. Sasa akampangia Mjomba kituo cha basi hapohapo getini. Alishaona abiria wamekalia vyungu vyake vya maua, wanamenya karanga. Na ili fomu zipendeze, alinakili namba kutoka kwenye kile kibao kidogo cha bati kilichopigiliwa ukutani kwa Mjomba, ambacho hakuna mtu mwingine mtaani aliyewahi kukisoma: Kiwanja Namba 118.

Waandishi aliwabuni mmoja mmoja, kwa heshima. Nahodha wa meli mstaafu. Mfuga mbuni. Mpiga tarumbeta. Fundi wa miamvuli. Mjane wa nahodha. Daktari wa meno ya ng'ombe. Mchonga mihuri. Mji huu haukuwa na maji makubwa kuliko kijito kile, na kijito chenyewe bata alikivuka kwa miguu. Mtu yeyote mwenye akili, Wakili aliamini, angecheka na kuzitupa.

Sasa Afisa alisimama mbele, mikono ya shati imekunjwa sawasawa, akasafisha koo.

“Tulipokea fomu mia mbili na tatu,” alisema. “Nawashukuru. Fomu mia moja tisini na sita hazikukubalika.”

Dawati moja lilisikika likilia chini ya mtu mzito.

Afisa alieleza bila ubaya wowote. Fomu hamsini na mbili zilitaka kituo Penye Saa. Sitini na moja, Mwisho wa Lami. Arobaini, Kwa Mhunzi. Ishirini na tisa, kwenye Tanki la Chuma. Kumi na nne, Kwa Bubu. Alipekua ramani zote, za zamani na za sasa. Aliuliza wapima ardhi. Alizunguka mtaa huu kwa gari siku mbili nzima akitafuta saa, na alichokiona ni saa ya mkononi mwake ikiendelea kwenda. Kama hapapo, alisema, basi hapawezi kujengwa kituo, na fomu zote hizo zimepigwa muhuri unaostahili.

Akainua moja juu ili wote waone. Muhuri ulikuwa mwekundu, umekaa mshazari juu ya mwandiko ambao Wakili aliutambua kutoka safu ya tatu, maana ulikuwa wake: HAPAJULIKANI.

Bibi aliutazama muda mrefu. “Hapajulikani,” alisema polepole, kama anayeonja kitu kilichoharibika. “Mimi nimechumbiwa pale.”

Ndipo ukumbi ulipolipuka. Kila mtu alisimama kumweleza Afisa, na kila mtu alimweleza kwa wakati mmoja. Wa Saa walisema saa ilikuwepo, kubwa kama sinia, juu ya nguzo ya chuma nje ya duka la fundi saa, mpaka mwaka wa ile dhoruba ilipoanguka. Wa Lami walisema hakuna anayepaita hivyo ila wazee, pale ni Mwisho wa Lami, japo ni kweli lami iliongezwa siku nyingi na sasa inaendelea mbele kilomita mbili. Wa Mhunzi wakawaambia wote wawili wanyamaze, mhunzi alikuwepo kabla ya saa na kabla ya lami, Mungu amrehemu. Fundi viatu aliapa kwa Tanki. Huo ulikuwa ugomvi wa miaka, wa kurithi, watu walikuwa wamenyimana sukari kwa ajili yake, na hakuna kambi iliyokuwa tayari kutamka jina la kambi nyingine hata kwa ajili ya basi.

Afisa alisikiliza kwa subira akiandika. “Kwa hiyo saa ilianguka,” alisema, “mhunzi alifariki, lami iliendelea, na tanki?”

Tanki liliuzwa chuma chakavu, na yule bubu alihama zamani, mtu alikiri.

“Ndiyo nilivyoandika. Hapapo.”

Waliokuwa na viti wakakaa tena kwa mshtuko, na waliokuwa hawajakaa wakatafuta pa kukaa. Aliyeshtuka zaidi ni Mjomba. Alikuwa meza ya mbele, kwa kuwa ndiye katibu wa kamati ya wakazi, mtu aliyemrekebisha hata mhubiri tarehe, na fomu yake mwenyewe, ya Mwisho wa Lami, ilikuwa juu kabisa ya rundo, nyekundu.

“Kwa bahati njema,” Afisa aliendelea, na hapo uso wake ukapata nuru, “wapo wakazi saba waliotaja mahali kwa namba ya kiwanja, inavyotakiwa. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Sijapata kusoma fomu zilizoandikwa vizuri hivi.”

Wakili aliwahesabu kichwani. Saba. Alijiambia kwamba saba ni namba ya kawaida, ziko saba za vitu vingi.

“Wa kwanza,” alisoma Afisa, “nahodha wa meli mstaafu, miaka thelathini na miwili mtaani.”

Damu ilimtoka Wakili usoni na kwenda mahali pasipojulikana kwenye ramani yoyote. Masikio yakaanza kuimba. Akasikia, kwa mbali, maneno yake mwenyewe yakisomwa kwa sauti ya serikali, polepole, na koma zake zote zikiheshimiwa: “Kwa unyenyekevu uliotukuka, naomba kituo kijengwe Kiwanja Namba 118, kwa kuwa upepo wa hapo unanikumbusha bahari.”

Hakuna aliyecheka. Alingoja wacheke. Kinyozi alitikisa kichwa kwa huzuni, akamnong'oneza jirani yake kwamba kumbe tunaishi na watu wakubwa hatuna habari.

Mjomba peke yake hakutikisa kichwa. Aliposikia “kwa unyenyekevu uliotukuka” alikuwa amekaa wima. Maneno hayo ndiyo yaliyofungua ile barua ya radhi ya kurasa nne. Aligeuka taratibu, miwani ikiwa ncha ya pua, akapitisha macho safu ya kwanza, akapitisha ya pili, akafika ya tatu na kukomea hapo. Wakili aliitazama nguzo. Ilikuwa nguzo nzuri, ya rangi ya kijivu.

Afisa alizisoma zote saba hadi ya mwisho, kisha akafunua ramani. Mstari wa buluu ulitoka barabara kuu, ukashuka hadi nyuma ya maktaba, ukafika geti la Mjomba, ukageuka, ukarudi ulikotoka. Haukugusa kijito. Haukuziona ngazi tisini na nne. Upande wa Bibi wa ramani ulibaki mweupe kama sahani iliyooshwa.

“Sasa mimi,” Bibi aliuliza, bila kupaza sauti, “ngazi zile nitazipandaje?”

Swali halikuulizwa kwa Wakili lakini lilimwingia yeye. Alikuwa amefanya mzaha na lango la Mjomba, na mzaha ulikuwa umefunga mlango wa Bibi. Alitaka kusimama palepale. Alibaki amekaa.

Kisha Afisa akasema jambo lililompa sababu ya kubaki. Kanuni, alisema, ziko wazi: mtaa usio na maoni halali unarukwa, na basi linapelekwa mtaa unaofuata kwenye orodha. “Ukweli ni kwamba bila fomu hizi saba msingekuwa na basi kabisa. Washukuruni majirani zenu. Na kama yumo humu hata mmoja wao, asimame athibitishe, nikafunge faili.”

Hapo Wakili akaelewa ukubwa wa shimo. Akisema, mtaa mzima unakosa basi. Akinyamaza, basi linasimama upande usio wa Bibi. Alikuwa bado analipima shimo hilo lilivyo refu pale kiti kilipokwaruza nyuma, na sauti nzito ikasema:

“Nahodha ni mimi.”

Wakili aligeuka. Katika maisha yake mafupi alikuwa ameshangaa mara kadhaa, lakini hakuwahi kumwona mtu aliyemtunga mwenyewe chini ya kamba ya nguo akiwa amesimama, ana kitambi na funguo kiunoni. Alikuwa Bwana Saruji, muuza saruji na misumari, na duka lake lilitazamana na geti la Mjomba. Abiria wangeshukia mlangoni kwake.

“Wewe,” Bibi alisema. “Nahodha wa nini?”

“Wa meli, Bibi. Zamani. Sikupenda kujitangaza.”

“Mwanangu, wewe nimekuogesha. Ulikuwa unalia ukiona beseni.”

Ukumbi ulicheka sasa, kicheko cha watu waliokuwa wakikihitaji. Bibi hakucheka. Alinyoosha fimbo kuelekea rundo la Afisa. “Na fomu ya tano wamesema ni ya mjane wa nahodha. Ulifariki lini? Mbona hatukuja msibani?”

Bwana Saruji alitoa leso, akajifuta shingo, akafikiri. “Yule ni mjane wa nahodha mwingine,” alisema.

Afisa aliandika: manahodha wawili.

Kisha alifanya jambo la haki, ambalo halikuwa kwenye kanuni bali kwenye malezi yake. Alisema kituo kikiwekwa mbele ya geti la mtu, ni vizuri mwenye geti aulizwe. Akamwuliza Mjomba.

Wakili alifumba macho. Mjomba alijua kila kitu. Neno moja lake lingetosha.

Mjomba alisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na alipoongea alimtazama mama yake wala si Afisa.

“Sina pingamizi,” alisema. “Mama hupumzika getini kwangu kila akizimaliza ngazi. Basi likiwa hapo, akipumzika atakuwa amefika. Ni nusu ya njia. Nusu ni afadhali kuliko hakuna.” Akachukua kalamu yake. “Lile bango nitaling'oa leo.”

Hakuna mtu mtaani aliyewahi kufikiri angesikia hayo. Kinyozi aliacha mdomo wazi. Mtu aliyechukia hata mlango ukifungwa kwa nguvu alikuwa amekubali basi getini kwake kutwa nzima, huku akijua ni mzaha, na huku akijua ni wa nani. Na Bibi bado angebaki na ngazi zote tisini na nne.

Wakili akasimama.

“Shikamoo, Afisa,” Wakili alisema, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyoizoea. “Nahodha si yeye. Nahodha ni mimi. Na mjane wake, na mfuga mbuni, na wale wengine.”

Alifungua mkoba wake na kutoa bahasha. Kila fomu nzuri ina nakala ya chini, na msanii hatupi kazi yake. Alikuwa amepanga kuzipeleka bwenini wenzake wakasome. Alipita mbele ya watu wote, hatua kama kumi na nne ambazo alizikumbuka moja moja, akaziweka saba mezani. Afisa alilinganisha namba zilizochapwa. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alipofika ya saba mikono yake ilikuwa imepungua kasi, na Bwana Saruji alikuwa tayari karibu na mlango, akitembea kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa mfalme.

Afisa hakukasirika mara moja. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa, akaitazama fomu ya mpiga tarumbeta kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa rafiki. “Hii nilimsomea mke wangu nyumbani,” alisema.

Kisha akafunga boksi. “Basi hakuna fomu halali hata moja. Sina la kufanya. Basi litakwenda mtaa wa pili.”

Kelele iliyozuka haikuwa na kambi. Saa na Lami na Mhunzi walikuwa kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu dhoruba, na walichokubaliana ni kwamba mtoto huyu ameumaliza mtaa. Mama muuza mitumba aliuliza hizo shule za bweni zinafundisha nini hasa. Bibi alikuwa anamtazama mjukuu wake kama anayetafuta mahali kwenye ramani na hapaoni, na Wakili aliona afadhali kelele.

Lakini akiwa amesimama pale mbele, amewageukia, Wakili aliona jambo ambalo aliyekaa safu ya tatu hawezi kuliona. Aliona mikono yao, na upande ilikokuwa ikirushwa kila mtu alipofoka.

“Afisa,” alisema, “naomba jambo moja. Baada ya hapo niadhibuni.” Hakungoja jibu. Aliwageukia watu. “Naomba kila mtu asitaje jina. Hata mmoja. Nyoosheni kidole tu, pale mnapotaka basi lisimame.”

Watu walikuwa na hasira, na mwenye hasira hunyoosha kidole upesi. Fundi viatu wa Tanki alinyoosha. Kinyozi wa Mhunzi alinyoosha. Mama muuza mitumba, ambaye baba yake alipigania Mwisho wa Lami hadi kufa, alinyoosha. Bibi aliinua fimbo. Mjomba, pale mezani, aliinua kalamu. Mikono ilizidi kuinuka, mia na zaidi, iliyokunjamana na yenye bangili na yenye rangi ya viatu, na yote ilitoka kila pembe ya ukumbi ikaelekea dirisha moja, lile la pili kushoto, lililovunjika kioo.

Afisa aligeuka akatazama. Nje ya dirisha palikuwa na njia panda.

Hakuna aliyeshusha mkono. Walikuwa wanatazamana, mkono kwa mkono, wa Saa na wa Lami, na ungedhani wameshikwa wakiiba. Miaka yote hiyo.

“Hapo?” Afisa aliuliza. “Wote?”

“Hapo,” Bibi alisema, akasimama. “Njoo nikuoneshe, mwanangu. Wewe ulizunguka kwa gari. Kwa gari hutaona kitu.”

Alitoka kwa fimbo yake, hakumngoja wa kumshika, na ukumbi mzima ukamfuata nyuma kwa mwendo wake, mwendo mdogo, hakuna aliyethubutu kumpita. Afisa alikuwa pembeni yake na saa mkononi, akiitazama. Walichukua dakika tatu. Njia panda yenyewe ilikuwa ya kawaida: ukuta, mfereji, mti mdogo uliofungwa waya. Afisa alitazama huku na huku akitafuta cha kuandika, akapiga hatua moja, akajikwaa na nusura aanguke kifudifudi.

Kilichomkwaza kilikuwa kisiki cha nguzo ya chuma, unene wa mkono, kimekatwa usawa wa kifundo cha mguu na kuzungukwa na zege kuukuu. Wakili alikijua. Kila mtoto wa mtaa alikijua. Alikuwa na kovu lake kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na hakuwahi kuuliza kile kisiki kilikuwa cha nini.

“Saa ilikuwa juu ya hiki,” Bibi alisema, akakigonga kwa fimbo, na kikalia.

Afisa alichuchumaa. Alikishika kama daktari anayetafuta mapigo. Kisha akatoa ramani, akaikunjua juu ya goti, akatafuta kwa kidole. “Kiwanja Namba 61,” alisema, zaidi kwa nafsi yake. “Mmeomba wote mahali pamoja. Mia moja tisini na sita. Na mimi nimepapiga muhuri mara mia moja tisini na sita.” Alibaki amechuchumaa pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kanuni haikuruhusu fomu iliyopigwa muhuri mwekundu ifufuliwe, lakini Afisa, akiipekua palepale, aliona iliruhusu mpya mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Adhabu ilitolewa papo hapo na katibu wa kamati, kwa sauti kavu ya maktaba: Wakili ataziandika zote upya, moja moja, kwa mkono wake, kila mwenye fomu akiwa amekaa mbele yake. Zile saba alizifuta kwa kutia saini mara saba, Afisa akimsimamia. Alipofika ya mpiga tarumbeta, Afisa alitazama kando.

Ilikuwa kazi ya mchana kutwa siku mbili. Watu walipanga foleni kwa kinyozi. Wakili aliuliza kazi, akaandika: mchonga mihuri hakuwemo, lakini alikuwepo mtu anayetengeneza meno ya bandia, na mwanamke mmoja mpole wa nyumba ya tatu ambaye miaka kumi na tisa alikuwa mwendesha kreni bandarini, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wakili alimtazama kwa mshangao mpaka akaambiwa aandike, foleni ndefu. Wa Saa waliposikia kwamba ni lazima waandike “Kiwanja Namba 61” walinung'unika, wakaambiwa wa Lami nao wataandika hivyohivyo, wakaandika. Jumapili jioni vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na alilishwa kwa kijiko na Bibi, ambaye bado alikuwa hajamsemesha.

“Fungua mdomo, Nahodha,” Bibi alisema mwishowe.

Jumatatu alirudi shule. Mjomba aliomba ruhusa kazini, akampandisha Bibi ngazi mwenyewe, na aliendelea hivyo wiki tisa.

Wiki ya kumi barua ilifika bwenini. Mwandiko ulikuwa wa Mjomba, maneno yalikuwa ya Bibi. Basi limeanza Jumatatu. Kibao kimeandikwa Kiwanja 61, lakini kondakta, kijana wa mbali asiye na kambi, anasema Kisiki, na imekuwa ugomvi mpya kabisa. Bibi alitoka nyumbani saa moja na dakika kumi. Alikuwa kwenye mashine kabla ya saa mbili. “Sikushikwa mkono na mtu yeyote,” alisema Bibi kwa mwandiko wa Mjomba, na Mjomba alikuwa amepigia mstari chini, kwa rula.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine. Wakili aliikunjua na moyo ukamruka: fomu ya maoni kuhusu huduma ya basi jipya, tupu, yenye namba iliyochapwa. Nafasi ya kazi tu ndiyo iliyojazwa, kwa wino wa maktaba: mwanafunzi. Alitafuta karatasi ya chini, yenye kaboni. Haikuwepo. Pembeni Mjomba alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kwamba nakala, safari hii, amebaki nayo yeye.